Jike Mmoja Anatosha

Ukikaa na watu wanaofuga samaki wa mapambo, swali hili halikawii kuja: "Nilinunua gapi mmoja tu, jike. Dume sina. Mwezi haujaisha na tangi limejaa vifaranga. Imekuwaje?" Majibu ya mtaani hayakosekani. Mmoja atakwambia muuzaji alikuchanganyia dume na wewe hukuona. Mwingine ataapa kwamba hawa samaki hujigeuza jinsia wakiachwa peke yao. Na yupo atakayecheka tu na kusema, ah, hayo ni mambo ya Mungu.

Jibu la kweli ni fupi. Huyo jike alitoka dukani akiwa na mimba, ama akiwa na mbegu za dume alizoziweka akiba mwilini. Dume mwenyewe huenda alishakufa zamani. Wewe ulidhani umenunua samaki mmoja, kumbe umenunua ukoo.

Lakini hilo jibu fupi lina jibu refu nyuma yake, na ndilo linalonivutia. Uwezo huu wa jike mmoja kubeba ukoo mzima tumboni ndio uliomtoa gapi katika vijito vya Venezuela na Trinidad na kumsambaza karibu kila bara. Hakusafiri mwenyewe. Alibebwa na watu, kwa makusudi, tena kwa nia njema. Na kila alikofikishwa, watu walishangaa vilevile unavyoshangaa wewe mbele ya tangi lako.

Tuanze na mwili wake. Samaki wengi tunaowajua hapa kwetu hutaga mayai. Hata ngege, ambaye mama yake huhifadhi mayai na watoto mdomoni, bado ni mtagaji. Gapi ni wa jamii nyingine, pamoja na moli, plati na yule anayeitwa mkia-upanga. Hawa huzaa watoto walio hai, wanaoogelea dakika hiyohiyo. Pezi la dume la chini, nyuma ya tumbo, limerefuka na kuchongoka, nalo hulitumia kupitisha mbegu ndani ya jike. Jike huzitumia baadhi, nyingine huzitunza kwenye mikunjo ya ovari yake kwa miezi mingi. Baada ya hapo huzaa takriban kila wiki nne: leo watoto kumi, mara nyingine thelathini, mara nyingine zaidi ya hamsini. Na kwa kuwa anaweza kupandwa na madume kadhaa, uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.

Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakifuatilia gapi katika vijito vya Trinidad walichapisha jambo la ajabu. Porini, dume huishi miezi michache tu, lakini jike anaweza kuishi zaidi ya mwaka. Kwa kupima vinasaba vya watoto, waligundua kwamba madume yaliyokufa yalikuwa yanaendelea kupata watoto, mengine hata miezi kumi hivi baada ya kufa. Yaani katika kijito chochote cha gapi, sehemu ya akina baba ni marehemu. Mama ndiye makavazi yao.

Tena usidhani huyu mama ana huruma nyingi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na gapi amechagua ile sehemu isiyo kazi. Akishazaa hana habari nao. Akipata njaa, anawala. Ukiona vifaranga wamejibanza kwenye majani ya tangi, hawachezi. Wanamkimbia mama yao.

Sasa tuje kwenye jina. Mwaka 1859 Wilhelm Peters, mwanasayansi Mjerumani, alimweleza samaki huyu kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi, kutokana na vielelezo vilivyotoka mto Guaire huko Caracas. Alimwita Poecilia reticulata. Peters si mgeni kabisa kwetu. Katika miaka ya 1840 alikaa miaka kadhaa Msumbiji akikusanya wanyama na mimea, na katika safari hiyohiyo alifika Zanzibar na Visiwa vya Ngazija. Mwaka 1861 Mwitaliano De Filippi akapata vielelezo kutoka Barbados, akawapa jina lingine. Halafu mwaka 1866 Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza mjini London akapokea samaki kutoka Trinidad, akaamini ni wapya, naye akawapa jina la tatu: Girardinus guppii, kwa heshima ya mtu aliyewatuma.

Huyo mtu aliitwa Robert John Lechmere Guppy. Alizaliwa London mwaka 1836, akahamia Trinidad akiwa kijana, akawa mkaguzi wa shule. Saa zake za ziada alizitumia kwa mawe ya kale na makombe ya konokono. Samaki hawakuwa hata shughuli yake kuu. Baadaye wataalamu walipolinganisha vielelezo, waligundua kwamba majina yote matatu ni ya samaki mmoja, na kwa kanuni zao, jina la kwanza ndilo linalosimama. Peters akashinda kwenye karatasi. Lakini midomoni mwa watu aliyebaki ni Guppy. Watu wa Trinidad na Barbados wenyewe walikuwa na jina lao, na kwa maoni yangu ndilo lililo bora: walimwita "milioni". Aliyempa jina hilo hakuhitaji darubini. Alichungulia mtaro tu.

Hadi hapo gapi alikuwa samaki wa chupa za makumbusho. Kilichombadilishia maisha ni mbu. Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu wa aina ya Anofelesi. Ghafla ugonjwa uliokuwa ukilaumiwa kwa hewa mbaya ya vinamasi ukapata mhalifu mwenye mabawa. Na mhalifu huyo huanza maisha yake kama kiluwiluwi majini. Kwa serikali za kikoloni, ambazo maafisa wake, askari wake na vibarua wake walikuwa wanakufa kwa malaria, mantiki ilikuwa nyepesi: ukimmaliza kiluwiluwi, umemmaliza mbu. Na nani anakula viluwiluwi? Samaki mdogo, mwenye tamaa, anayestahimili maji machafu na anayezaana bila kuombwa.

Barbados ndiyo iliyotumiwa kama ushahidi. Kisiwa hicho kilikuwa na sifa ya kutokuwa na malaria wakati visiwa jirani viliteseka. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wakajiuliza: Barbados ina nini ambacho wengine hawana? Wakatazama vijito na mabwawa yake, wakaona "milioni" wamejaa. Jibu likaonekana liko wazi. Samaki wakatiwa kwenye madebe, wakapakiwa melini, wakapelekwa visiwa vingine na koloni nyingine.

Hapo ndipo historia inapotaka tusome polepole. Mwaka 1927 malaria ilizuka Barbados. Samaki walikuwa bado wamo. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba mbu wa Anofelesi, ambaye awali hakuwapo kisiwani, alikuwa amefika. Kumbe miaka yote ile Barbados haikuwa imelindwa na samaki; ilikuwa imelindwa na kutokuwapo kwa mbu mwenyewe. Ni kama mtu anayemsifu mlinzi wake kwa kuzuia wezi katika mtaa ambao wezi hawajawahi kuujua.

Lakini madebe yalishaondoka. Na gapi hakuwa peke yake. Binamu yake kutoka kusini mwa Marekani, Gambusia, ambaye pia huzaa watoto hai, alipelekwa Hawaii kutoka Texas mwaka 1905. Miaka ya 1920 alifika Uhispania, Italia, pwani ya Bahari Nyeusi na Australia. Mahali pengine anakumbukwa kama shujaa: huko Adler, karibu na mji wa Sochi nchini Urusi, kuna sanamu yake. Mahali pengine jina lake ni laana. Katika chemchemi za Edgbaston, Queensland, kuna samaki mdogo sana wa asili mwenye mapezi mekundu ambaye amekuwa akitoweka, chemchemi baada ya chemchemi, tangu Gambusia aingie. Hakuna mahali pengine duniani anakoishi samaki huyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji ndiye anayetafutiwa dawa.

Wakati huohuo gapi alikuwa anasafiri kwa njia ya pili, ya starehe. Mwaka 1908 aliingia Ujerumani kama samaki wa mapambo. Huko Ulaya, mtu anayeishi ghorofani bila bustani wala ng'ombe aliweza kufuga kitu chenye rangi ndani ya kioo. Bei yake ilikuwa ya chini kwa sababu unayoijua tayari. Wanasayansi nao wakampenda. Mwaka 1920 Johannes Schmidt wa Denmark, yuleyule aliyetafuta mazalio ya mikunga katika Bahari ya Sargasso, alionyesha kwamba doa fulani kwenye pezi la dume hurithiwa na watoto wa kiume peke yao, kutoka kwa baba. Mwenzake Øjvind Winge akaendeleza kazi hiyo na kuihusisha na kromosomu ya Y. Ni miongoni mwa mifano ya kwanza kabisa ya urithi wa namna hiyo kuelezwa. Wafugaji nao walikuwa wakichagua dume mwenye mkia mpana zaidi, rangi kali zaidi, kizazi baada ya kizazi, hadi wakampata yule gapi wa dukani mwenye mkia kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo. Wa porini ni mdogo, na jike wake ni wa kijivu tu. Wengi hawatambui kwamba ni samaki mmoja.

Kwa hiyo njia ni mbili: debe la afya ya umma na tangi la sebuleni. Zote mbili huishia mahali pamoja, mtoni. Nikisema jike mmoja anatosha sitii chumvi. Mwaka 1957 mtafiti Mmarekani, Caryl Haskins, alichukua gapi wapatao 200 kutoka upande mmoja wa milima ya kaskazini ya Trinidad, akawaweka sehemu ya juu ya mto Turure, ambako hapakuwa na gapi. Miongo michache baadaye vinasaba vya hao wageni vilikuwa vimeteremka na mto na kuwafunika wenyeji wa chini, ambao walikuwa gapi wa ukoo tofauti. Halafu mwaka 2011 watafiti wengine wakapima jambo lenyewe moja kwa moja. Waliwaweka majike wa porini, mmoja mmoja, kila mmoja na dimbwi lake, bila dume. Wakasubiri. Baada ya miaka miwili, madimbwi mengi yalikuwa na jamii kamili za gapi, zenye madume na majike na wajukuu, na tabia zao zilikuwa za kawaida kabisa. Jamii nzima, kutoka kwa mama mmoja.

Sisi hapa je? Kenya na Uganda zote zimo katika orodha ya nchi ambako gapi amerekodiwa kama samaki mgeni. Hiyo isitushangaze. Nchi zetu zilitawaliwa na himaya ileile, zikaogopa ugonjwa uleule, na leo zina maduka ya samaki wa mapambo kama miji mingine yote.

Ajabu ni kwamba pwani yetu ina samaki wake wadogo wenye rangi, ambao Wakenya wengi hawajawahi kuwasikia, ilhali wafugaji wa Ulaya wanawajua kwa majina. Ni Nothobranchius. Jina hilo la jenasi lilitolewa mwaka 1868 na nani? Peters, yuleyule wa gapi. Na mmoja wao, wa Zanzibar, anaitwa guentheri, kwa heshima ya Günther yuleyule wa London. Watu hao wawili waliompa gapi majina yake wameacha alama pia kwenye samaki wetu.

Nothobranchius huishi katika madimbwi ya mvua, kuanzia huku kwetu hadi Msumbiji. Masika yakija, mayai yaliyolala matopeni huanguliwa. Samaki hukua haraka haraka, hutaga, na jua likikausha dimbwi, wote hufa. Kinachobaki ni mayai ndani ya udongo mkavu, yakingoja mvua nyingine. Huyu naye anaweka akiba, kama gapi. Tofauti ni mahali anapoiweka. Nothobranchius humkabidhi ardhi ya kwao watoto wake, kwa hiyo ukiliharibu lile dimbwi, ukalifukia ujenge barabara ama ploti, umefuta kila kitu. Gapi hubeba akiba yake tumboni, na popote utakapomwaga maji yake, safari inaanza upya. Mmoja hawezi kuhama. Mwingine hawezi kuzuiwa.

Wacha niwe wa haki kwa wale wa madebe. Malaria haikuwa mchezo, na bado si mchezo. Mtu aliyezika watoto wawili kwa homa hakuwa na muda wa kujadili haki za samaki wa asili. Shida yangu haiko kwenye nia. Iko kwenye uvivu wa kuuliza. Hata mapitio makubwa ya Cochrane, ya mwaka 2013 na yale ya 2017, yalipochambua tafiti zilizokuwapo, hayakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba kupandikiza samaki wala-viluwiluwi hupunguza malaria kwa watu. Samaki hula viluwiluwi, ndiyo. Kutoka hapo hadi mtoto kutougua ni mwendo mrefu, na kwa zaidi ya karne moja wengi waliruka hatua hizo.

Na haikuwa lazima mgeni atoke mbali. Kisii, mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa yalikuwa yamegeuka mazalio ya mbu. Watafiti wakarudishia ngege mle ndani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba baada ya wiki 15, viluwiluwi vya mbu wakuu wa malaria katika mabwawa hayo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Hata hapo kilichopimwa ni viluwiluwi, si wagonjwa. Lakini angalau ni samaki ambao watu wa pale wanawajua, tena akikua unamweka kwenye sufuria na ugali pembeni. Mkulima ana sababu ya kulitunza bwawa hata mwaka ambao hakuna mradi wala gari la wageni. Gapi hana sufuria. Kazi yake ikiisha, bado yupo.

Ndiyo maana nasema lile tangi la sebuleni si jambo dogo. Vifaranga wakizidi, wiki ya kwanza unafurahi, unapiga picha. Mwezi wa tatu maji yananuka, na wazo linaingia: si niwamwage tu pale mtoni, waishi maisha yao? Linafanana na huruma. Lakini kabla hujabeba ndoo, kumbuka kwamba kila aliyewahi kumwaga samaki hawa duniani alikuwa na huruma ya aina fulani, ama kwa samaki ama kwa watu. Na mto haurudishi chenji.

Kuna mambo rahisi unayoweza kufanya. Ukinunua majike, nunua ukijua kwamba wana mimba. Ukikisia hivyo mara chache sana utakosea. Kama hutaki watoto, nunua madume pekee. Watoto wakishakuja, wagawie wafugaji wenzako, ama waulize wenye maduka kama watawapokea. Waache mama na wenzake wafanye kazi yao ya kikatili, bila kuweka majani mengi ya kujifichia. Ukiwa na samaki mkubwa kwenye tangi jingine, yeye hana swali. Ukibadilisha maji, yamwage kwenye maua, si kwenye mtaro unaoelekea mtoni, maana kifaranga wa siku moja ni mdogo sana na ni vigumu kumwona ndani ya ndoo.

Na yule jike wa kijivu, anayezunguka peke yake kwenye kona bila kumsumbua mtu, mtazame vizuri. Ana doa jeusi karibu na mwisho wa tumbo. Likizidi kukolea na tumbo likawa kama pembe nne, hesabu siku. Hakuna cha ghafla hapo. Ni sisi tu tuliozoea kuhesabu wale wanaoonekana.